Mama, Unapokimbia Unakanyagaje?

Siku hizi si ajabu kuwaona akina mama wakikimbia alfajiri kabla ya kuwapikia watoto uji. Mmoja ameambiwa hospitalini kwamba ana shinikizo la damu, mwingine sukari imepanda, mwingine anataka tu kupunguza unene. Huo ni uamuzi mwema. Lakini wengi wetu huanza kwa pupa. Baada ya majuma mawili goti linauma, muundi unawaka moto, na raba zinarudi chini ya kitanda. Tunalaumu umri, kumbe tungepaswa kutazama pia namna tunavyokanyaga.

Mguu hutuaje chini?

Tunapotembea, kisigino hutangulia. Tunapokimbia kuna njia tatu: kutanguliza kisigino, kukanyaga kwa wayo mzima, au kutua kwa sehemu ya mbele, karibu na vidole, ndipo kisigino kishuke.

Kila hatua ya mbio huutwisha mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mama wa kilo 70, hizo ni kilo 140 hadi 210. Anayetanguliza kisigino huupeleka mzigo huo zaidi kwenye goti. Anayetua kwa mbele huupeleka zaidi kwenye shavu la mguu na ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino. Mzigo hauondoki, unahama tu.

Wataalamu wameona nini?

Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walitoa utafiti juu ya wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliozoea kukimbia peku mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele, na mguu haukupata mshtuko wa ghafla. Waliozoea raba zenye kisigino kinene wengi wao walitanguliza kisigino.

Lakini mwaka 2013 ulitoka utafiti mwingine, uliofanywa kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanach, watu waliozoea kwenda bila viatu. Kati ya watu wazima 38 waliopimwa, wengi walitanguliza kisigino walipokimbia mwendo wao wa kawaida. Kwa hiyo hakuna sheria moja kwa miguu yote.

Basi tufanye nini?

Kama unakimbia bila maumivu, usibadili kitu. Kama goti linakusumbua, fupisha hatua. Mguu utue karibu chini ya mwili wako, usiurushe mbali mbele. Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Zikiwa 150, jaribu kufikisha 160 bila kuongeza kasi. Jambo hili dogo hupunguza mzigo wa goti.

Anza taratibu: kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa dakika 20, siku tatu kwa juma. Anayetaka kujifunza kutua kwa mbele aende polepole zaidi, maana shavu la mguu na kano huhitaji miezi kuzoea.

Kuhusu kukimbia peku, sisi wauguzi tunajua hatari zake: misumari na pepopunda, safura, funza. Watoto na wacheze peku mahali safi, lakini mwenye kisukari asithubutu. Ganzi ya miguu humfanya asisikie kidonda. Yeye avae viatu vinavyomtosha na kuikagua miguu yake kila jioni.

Dalili za kutopuuza

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha kwa siku chache. Lakini ukiweza kuonyesha kwa kidole sehemu moja ya mfupa inayouma, na maumivu yanazidi kila ukimbiapo, huenda mfupa umepata ufa. Acha mbio, nenda hospitali. Maumivu ya kifua au kizunguzungu pia si ya kungojea kesho. Na mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza.

Akina mama wenzetu, miguu hii ndiyo inayotupeleka kisimani, sokoni na kazini. Ikiumia, nyumba nzima inaumia. Tukimbie, lakini kwa hatua fupi na kwa subira.