Maji Kabla ya Mbio: Unywe Lini, na Kiasi Gani?

Kijana mmoja wa Jego aliletwa kwangu na kakake akitapika na kulalamika kwamba kichwa kinampasuka. Asubuhi hiyo alikuwa amekimbia kilomita 21 kule Diani, akamaliza kwa muda wa saa tatu. "Daktari, jua limempiga huyu. Mpe maji zaidi," kakake akanisihi.

Kumbe maji ndiyo yaliyomponza. Jana yake alishinda shambani kwa kikombe kimoja tu cha chai. Alipoamka alishtuka, akanywa chupa mbili za lita moja unusu katika nusu saa kabla ya mbio, kisha akaendelea kunywa kila penye meza ya maji. Damu yake ilipopimwa, chumvi ilikuwa imeshuka mno. Lau ningemsikiliza kakake, ubongo ungezidi kuvimba.

Msomaji asidhani kisa hiki ni cha ajabu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 wakapatikana wamepungukiwa na chumvi. Mwanamke mmoja alifariki katika mbio hizo.

Hata hivyo, kukimbia na kiu nako kuna hasara yake. Mtu wa kilo 60 akipoteza maji ya kilo 1.2, yaani asilimia mbili ya uzito wake, damu hupungua, moyo hudunda mbio zaidi, na miguu huanza kuwa mizito. Kwetu pwani hali huwa mbaya zaidi kwa sababu ya unyevu hewani: jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mnamo Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika Mombasa, joto liliwashinda wakimbiaji wengi. Hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Anayetoka Iten juzi akashindana Ukunda leo hataokolewa na chupa ya maji.

Basi tufanyeje? Saa nne kabla ya mbio, kunywa mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 300 hadi 420, kama bilauri moja na nusu hivi, na anywe polepole. Saa mbili kabla ya mbio, tazama mkojo. Ukiwa mweupe kama maji ya ndimu, umetosheka. Ukiwa mweusi kama strungi, ongeza bilauri moja ndogo. Muda huo unatosha figo kutoa maji yaliyozidi, nawe hutatafuta kichaka baada ya kilomita mbili.

Wengi huniuliza kuhusu chai. Kikombe au viwili havikaushi mwili. Watafiti waliowachunguza wakimbiaji mashuhuri wa Kenya waliwakuta wakinywa maji na chai ya maziwa kwa kadiri ya kiu yao, na miili yao haikupungukiwa na maji. Dafu nalo ni kinywaji kizuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo usilitegemee lirudishe chumvi ya jasho. Chumvi ya kawaida katika chakula cha jioni yatosha kwa watu wengi. Dawa za kutuliza maumivu, ambazo vijana siku hizi humeza kabla ya kuanza kukimbia, ziacheni. Figo iliyokosa maji haizivumilii. Wenye maradhi ya moyo au figo, na wanaotumia vidonge vya kuongeza mkojo, wamwone daktari kwanza, kwani vipimo nilivyotaja si vyao.

Kijana wetu alilazwa siku mbili, akapona. Nilimshauri ajipime uzito kabla na baada ya kila zoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Akirudi mzito kuliko alivyoondoka, amekunywa kupita kiasi. Sasa hujipimia kwenye mizani ya duka la mahindi, na mwenye duka, nasikia, ameanza kumdai shilingi tano kila mara.