Jua Nyuma ya Ukungu

Haya wajukuu, sogeeni motoni, Julai ya huku Usangi haina mzaha. Leo sina hadithi ya sungura. Nina ya msichana mmoja mwenye ualbino, mwanafunzi kama ninyi. Jina mpeni wenyewe.

Asubuhi ukungu umefunika mlima Kindoroko, wenzake wanamcheka: "Kofia ya nini, na jua halipo?" Lipo! Mionzi inayounguza ngozi haionekani, na zaidi ya asilimia 90 yake inaweza kupenya mawingu mepesi. Tena ukipanda mlima inazidi, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Wengi wetu tuna melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kutukinga. Yeye anayo kidogo mno. Ndiyo maana havui kofia yake pana wala nguo ya mikono mirefu, na kabla ya kutoka nyumbani anajipaka mafuta ya kujikinga na jua. Mafuta ya namna hiyo, ya watu wenye ualbino hasa, yamekuwa yakitengenezwa hapo hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC. Nani alijua?

Sasa tuingie darasani, maana huko ndiko kwenye kazi. Jicho nalo huhitaji melanini wakati linapoumbika, kwa hiyo macho yake huchezacheza na hayaoni mbali, hata akivaa miwani. Akikaa nyuma, ubaoni anaona vumbi la chaki. Mkimleta mbele mkamweka dirishani, mwanga unamchoma. Basi mbele, mbali na dirisha. Akiinuka kuusogelea ubao, asiwepo wa kumwambia "unatuziba". Mwalimu naye akisoma kwa sauti kila anachoandika, amemsaidia bila kumtaja, na amemwamsha aliyekuwa anasinzia.

Jirani yake wa dawati ana mtindo wake: anaandika kwa wino mweusi uliokoza, herufi kubwa, anaruka mstari. Kengele ikilia anamwachia daftari mpaka kesho yake.

Mitihani ya taifa ikifika, Baraza la Mitihani huwaandalia wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na wasioona za nukta nundu. Huwaongezea na muda: kwa kila saa, dakika 20 kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine. Hapo utasikia mtu ananung'unika kwamba wanapendelewa. Wanapendelewa nini? Maswali ni yale yale. Kuyasoma ndiko kunakokula muda.

Kazi za nje je? Saa sita mchana mkifyeka nyasi, msimwambie akapumzike kivulini akiwatazama. Hapendi, na ninyi mtamnunia. Apange vitabu vya darasa, au afyeke sehemu yake jioni. Na jioni hiyo hiyo kuna mpira wa pete, naye yumo. Ila mpira mweupe unapotea kwenye anga jeupe la ukungu. Wa rangi ya chungwa atauona mapema. Mwambieni mwalimu wa michezo.