Mvuke wa Zebaki na Mipaka ya Sheria za Gesi

Mji wa Geita, ambao kata ya Kalangalala ni sehemu yake, umezungukwa na ardhi yenye dhahabu. Mbali na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, wako wachimbaji wadogo wengi wanaochimba maduara, kusaga mawe kwa karasha na kuosha unga wake katika mialo. Katika hatua za mwisho wengi wao hutumia zebaki. Zebaki huinasa dhahabu iliyomo mchangani, vikafanya donge moja la rangi ya fedha ambalo uzito wake mara nyingi hukaribia kuwa nusu zebaki. Donge hilo huwekwa motoni. Zebaki huondoka kwa umbo la mvuke, na dhahabu, ambayo haiyeyuki hadi ifikie nyuzi 1,064 za Selsiasi, hubaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na kwa sababu hiyo huonekana kana kwamba umekwisha. Ukweli ni kwamba haukwishi. Sehemu yake huingia mapafuni mwa aliyeshika moto na mwa wale walio karibu naye, na nyingine huanguka juu ya udongo, paa na maji. Je, kwa nini zebaki huruka ikawa gesi, na kwa nini hurudi tena kuwa kiowevu? Jibu limo katika nguvu ndogo za mvutano zilizo baina ya chembe za maada. Katika makala haya tutaeleza nguvu hizo, kisha tutazame jinsi zinavyoweza kumwokoa mchimbaji.

GESI KAMILIFU

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya hewa. Aliifungia hewa ndani ya bomba la kioo lililopindwa, akaibana kwa kumimina zebaki. Aligundua kwamba kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kila kipande cha eneo, ikiongezwa maradufu, ujazo wa gesi hupungua kwa nusu, mradi halijoto isibadilike. Baadaye wataalamu wengine walionyesha kwamba kanieneo isipobadilika, ujazo hupanda na kushuka sawasawa na halijoto, ikiwa halijoto hiyo inahesabiwa tangu sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Sheria hizi hufundishwa katika shule zetu za sekondari, nazo husimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba molekuli za gesi ni ndogo mno hata hazichukui nafasi yoyote. Ya pili ni kwamba molekuli hizo hazivutani kamwe. Gesi yenye sifa hizo huitwa gesi kamilifu. Gesi ya namna hiyo haipo duniani. Zilizopo ni gesi halisi, ambazo hukaribia ukamilifu huo kwa viwango mbalimbali.

MVUTANO WA MOLEKULI

Mholanzi Johannes Diderik van der Waals ndiye aliyezisahihisha dhana hizo katika tasnifu yake ya mwaka 1873, na mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alieleza kwamba molekuli huchukua nafasi, na tena huvutana. Molekuli inayokaribia kugonga ukuta wa chombo huvutwa nyuma na wenzake walio nyuma yake. Hivyo huugonga ukuta kwa nguvu pungufu, na kanieneo huwa ndogo kuliko ile itabiriwayo na sheria ya gesi kamilifu.

Mvutano huu haulingani katika gesi zote. Kipimo cha mvutano alichokiweka van der Waals ni kidogo sana kwa heliumu. Kwa naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ni kikubwa takriban mara 40 ya kile cha heliumu. Na kwa zebaki ni kikubwa takriban mara sita ya kile cha naitrojeni.

Hata hivyo, mvutano hauna athari kubwa wakati wote. Watu wanaokimbia wakiwa mbalimbali uwanjani hawawezi kushikana mikono. Wakipunguza mwendo na kusogeleana, huweza. Vivyo hivyo, gesi ikiwa na joto jingi na kanieneo ndogo, molekuli zake hukimbia kasi zikiwa mbali mbali, na gesi hutenda karibu sawa na gesi kamilifu. Ikipozwa au kubanwa, molekuli husogeleana, na mvutano huanza kutawala.

MITUNGI MIWILI

Mfano wa jambo hili haupo mbali. Mtungi wa oksijeni wa hospitalini na mtungi wa gesi ya kupikia wa nyumbani ni vyombo vya chuma vinavyofanana, lakini vilivyomo havitendi sawa. Oksijeni, kwa kuwa molekuli zake huvutana kidogo, haiwezi kufanywa kiowevu kwa kubanwa tu. Ni lazima kwanza ipozwe chini ya nyuzi 118 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtungini hubaki gesi, na mshale wa kipimo hushuka kadiri inavyotumika. Mshale ukifika nusu, oksijeni iliyobaki nayo ni karibu nusu.

Gesi ya kupikia ni propani na butani. Molekuli zake ni kubwa zaidi na huvutana zaidi. Kwa hiyo zikibanwa katika joto la kawaida la Geita hugeuka kiowevu. Maadamu kiowevu kingalimo, kila gesi inayotoka hufuatwa na nyingine inayovukizwa, na kanieneo haishuki sana. Ndiyo maana kipimo cha kanieneo hakiwezi kumwambia mpishi kiasi kilichobaki. Budi aupime mtungi kwa mizani. Hapo sheria ya Boyle haimsaidii, kwa sababu mvutano wa molekuli umeishinda.

ZEBAKI MOTONI

Sasa turejee kwenye zebaki. Huchemka kwenye nyuzi 357. Gramu moja ya zebaki ikigeuka mvuke katika halijoto hiyo, hujaza takriban sentimita za ujazo 257, yaani robo ya lita na kidogo zaidi. Katika hali hiyo mvuke wake huitii sheria ya gesi kamilifu kwa usahihi mkubwa, maana atomi zake zimetawanyika sana.

Tuupoze mvuke huo hadi nyuzi 27. Kwa kuhesabu tangu sifuri halisi, halijoto imeshuka kutoka 630 hadi 300. Kama zebaki ingekuwa gesi kamilifu, ujazo wake ungepungua kufikia karibu nusu tu, na mvuke ungebaki mvuke. Lakini sivyo itokeavyo. Atomi zikipungua kasi hushikana, na gramu ile hurudi kuwa tone la ujazo wa sentimita 0.074 tu. Mvuke umesinyaa takriban mara 3,500. Tofauti baina ya nusu na mara 3,500 ndiyo kazi ya mvutano wa atomi.

RITOTI

Chombo kiitwacho ritoti kimejengwa juu ya tofauti hiyo. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana sawasawa, na bomba linalotoka juu na kuinama kuelekea chini. Donge huwekwa chunguni, moto huwashwa chini yake, na bomba hupozwa kwa maji au kwa kitambaa kibichi. Mvuke ufikapo sehemu ya baridi hugeuka matone na kudondoka katika bakuli. Ritoti iliyofungwa vizuri huweza kurudisha hata asilimia 95 ya zebaki, nayo ikatumika tena. Mchimbaji huokoa fedha yake pamoja na afya yake.

Lakini mambo matatu yanahitaji hadhari. Kwanza, mdomo wa bomba usizamishwe majini. Moto ukipungua, mvuke uliomo chunguni husinyaa ghafla. Nafasi huwa tupu, na hewa ya nje huyasukuma maji kupanda bombani hadi kwenye chuma cha moto. Hapo maji hugeuka mvuke kwa kishindo na chombo huweza kupasuka. Mdomo wa bomba ukae juu kidogo ya maji.

Pili, ritoti isifunguliwe ingali na moto, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani utamfikia mfunguaji usoni.

Tatu, zebaki iliyopoa nayo si salama. Daima ziko atomi chache zenye kasi ya kutosha kuushinda mvutano wa wenzake na kuruka. Katika nyuzi 30, hewa iliyojaa mvuke wa zebaki hubeba takriban miligramu 30 katika kila mita ya ujazo. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, kwa wastani wa mwaka, ni mikrogramu moja tu, yaani sehemu moja kwa 30,000 ya hapo. Kwa hiyo zebaki itunzwe katika chombo kilichofungwa, ikiwa imefunikwa kwa maji, na isilazwe ndani ya nyumba.

WAJIBU WETU

Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini. Hudhuru ubongo na figo. Mikono hutetemeka na kumbukumbu hupungua, na watoto pamoja na mimba ndio walio hatarini zaidi. Ile iangukayo majini huweza kubadilishwa na bakteria kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Rwamagasa, katika Wilaya ya Geita, palikuwa mahali pa kazi ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioanza mwaka 2002, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka mataifa yakomeshe uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu.

Ritoti haiondoi haja ya kuiacha zebaki hatimaye. Lakini pale ambapo bado inatumika, donge lisichomwe juu ya kikaango wala katika jiko la nyumbani. Lichomwe ndani ya ritoti, nje, mbali na watoto na mama wajawazito. Mwalimu wa sayansi wa Geita anapofundisha sheria ya Boyle, afundishe pia mahali inapokoma, kwani kwa wanafunzi wake wengi mahali hapo pako karibu na nyumbani.