Mawimbi Yaliyomo Ndani ya Wimbi

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanajua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kimo cha maji hakilingani siku zote, kwa kuwa mara baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na baina ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Mwendo huo, ambao kwa jicho ni mmoja, kwa hakika ni jumla ya miendo mingi: mwezi huyavuta maji kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25, jua huyavuta kwa mzunguko wa saa 12 kamili, na miendo hiyo miwili inapopanda pamoja hutokea bamvua, ilhali mmoja unapopanda wakati mwingine unashuka huja maji mafu. Anayeielewa bamvua kwa namna hii amekwisha kushika nusu ya elimu ambayo wahandisi wa umeme huitumia kila wanaposhughulika na sauti, picha na mawasiliano ya simu.

Aliyeipa elimu hiyo msingi wake ni Mfaransa Joseph Fourier, aliyezaliwa Auxerre mwaka 1768. Alipokuwa akichunguza jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu vigumu, aliwasilisha mjini Paris mwaka 1807 hoja kwamba mchoro wowote, hata wenye pembe kali na miruko, unaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini yanayopanda na kushuka kwa utaratibu, kila moja likiwa na ukubwa wake na kasi yake ya kujirudia. Mwanahisabati mashuhuri Lagrange aliipinga hoja hiyo, na kitabu cha Fourier kuhusu joto hakikutoka hadi mwaka 1822. Shaka ya Lagrange ilikuwa na mashiko, kwani mahali mchoro unaporuka ghafla jumla ya mawimbi hupitiliza kwa takriban asilimia 9 ya kimo cha mruko, hata yakiongezwa mawimbi mengi kiasi gani. Hata hivyo eneo la kupitiliza huko huzidi kuwa jembamba kadiri mawimbi yanavyoongezwa, na kwa kazi nyingi za kihandisi hoja ya Fourier inatosha kabisa. Katika miaka ya 1870 William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, aliitumia kutengeneza mashine ya magurudumu na kapi ambayo ilijumlisha mawimbi ya bahari moja baada ya jingine na kuchora mapema jinsi maji ya bandarini yatakavyojaa na kupwa.

Kwa mhandisi wa umeme, mahali pa maji pana volti. Sauti inapogonga kipaza sauti hugeuzwa kuwa volti inayopanda na kushuka, na volti hiyo inayobeba habari ndiyo huitwa ishara. Idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia kwa sekunde moja huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi, kwa hiyo umeme wa majumbani Tanzania na Kenya, unaojirudia mara 50 kwa sekunde, una masafa ya hezi 50. Uchambuzi wa Fourier ni kazi ya kuichukua ishara iliyochanganyika na kueleza ina kiasi gani cha kila masafa, na faida yake kubwa ni kwamba vitu vilivyofungamana katika wakati mara nyingi huachana vikipangwa kwa masafa. Mvumo wa umeme ulioingia ndani ya sauti ya mtu hauwezi kuonyeshwa kwa kidole kwenye mchoro wa volti, lakini katika orodha ya masafa husimama peke yake, nao waweza kuondolewa.

Kifaa cha kuondoa masafa yasiyotakiwa ni chujio, nalo hufanya kazi ambayo kifumbu hufanya jikoni kinapopitisha tui na kuzuia machicha. Chujio jepesi kuliko yote lina vitu viwili tu, yaani rezista, inayobana mkondo wa umeme, na kapasita, inayojaa chaji na kuiachia. Volti inayobadilika polepole huipa kapasita nafasi ya kujaa, hivyo volti ya kapasita huifuata ile inayoingia. Ikibadilika upesi, hugeuka kabla kapasita haijajaa, na kinachotoka upande wa pili huwa kidogo. Rezista ya omu 10,000 ikiunganishwa na kapasita ya nanofaradi 4.7, mpaka wa chujio hilo huwa karibu na hezi 3,400. Mpaka huo si ukuta, maana penye masafa maradufu ya hayo bado hupita takriban asilimia 45 ya volti, ndiyo sababu vifaa halisi huunganisha hatua kadhaa za namna hii ili mteremko uwe mkali.

Umuhimu wa chujio hudhihirika zaidi pale ishara inapogeuzwa kuwa tarakimu, kwa kuwa kompyuta haipokei mchoro usiokatika, hupokea vipimo vilivyochukuliwa kila baada ya muda fulani, navyo huitwa sampuli. Swali zito hapa ni sampuli ngapi zinatosha, na bahari hulijibu vizuri. Mtu akipima kina cha maji gatini mara moja tu kwa siku, saa 6 kamili mchana, wimbi la jua litampa kimo kile kile kila siku kana kwamba halipo, na wimbi la mwezi, linalochelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, litaonekana likipanda na kushuka polepole mzunguko mmoja kwa karibu siku 15. Daftari lake litasema kwamba bahari hujaa mara moja katika wiki mbili, na hakuna kipimo hata kimoja ndani yake kilicho cha uongo. Wimbi hilo la siku 15 ni bandia, limezaliwa na uchache wa vipimo, na hakuna hesabu itakayofanywa juu ya daftari hilo peke yake itakayolitofautisha na wimbi la kweli.

Kanuni ya kujikinga ni kwamba sampuli zichukuliwe kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa makubwa kuliko yote yaliyomo katika ishara. Wahandisi waliifikia kwa hatua: Nyquist aliikaribia mwaka 1928, Kotelnikov akaieleza mwaka 1933, na Shannon akaithibitisha katika makala yake maarufu ya mwaka 1949. Simu ya kawaida ya tarakimu huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo sauti ya hezi 5,000 ikiachwa iingie itajitokeza kama hezi 3,000, katikati kabisa ya maneno, na ikishaingia haitoki. Kwa sababu hiyo chujio lazima litangulie sampuli, na mpangilio huo ukikosewa hakuna programu itakayoweza kuurekebisha baadaye.

Simu hiyo kwa hiyo hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, na gharama yake husikika katika herufi fulani. Tofauti ya “s” na “f” hukaa zaidi juu ya hezi 3,400, yaani ndani ya kile kilichochujwa, na ndiyo maana mwanamke anayejitaja kuwa Saida huweza kuitikiwa kama Faida, akalazimika kurudia na kutamka herufi moja moja. Mitandao mipya yenye sauti pana huchukua sampuli 16,000 kwa sekunde na kupitisha hadi karibu hezi 7,000, na pande zote mbili zikiwa na simu za aina hiyo, “s” ya Saida hufika ikiwa “s”.