Dalali Anapopandisha Dhamana

Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na matangi yake sasa ni ghala la shehena zinazoshushwa Kipevu. Lakini biashara ya mafuta haihitaji tangi. Kijana wa Kisauni mwenye simu na salio la M-Pesa anaweza kufungua akaunti kwa dalali wa mtandaoni, akabahatisha bei ya pipa asilolinusa hata harufu. Anachoweka ni dhamana tu, sehemu ndogo ya thamani ya kile anachonunua. Na dhamana hiyo hupanda, tena hupanda soko linapochafuka, wakati yeye mwenyewe amebanwa.

Hesabu yake si ngumu. Mkataba mmoja wa mafuta ghafi ya Marekani katika soko la New York ni mapipa 1,000. Tuseme pipa ni dola 70 na dhamana ni dola 5,000. Bei ikisogea dola moja, mteja amepata au amepoteza dola 1,000. Ikianguka dola sita kwa siku, dhamana yote imeliwa na kuna deni juu yake. Deni hilo humwangukia dalali kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayewajibika kwa taasisi inayosimamia malipo ya soko. Taasisi hiyo hutazama myumbo wa siku za karibuni, ikapanga kiwango cha chini; dalali hawezi kudai pungufu ya hapo, ila zaidi anaweza. Kiwango kikipanda hadi dola 8,000, mteja atafute 3,000 nyingine, karibu shilingi 390,000, pengine kufikia kesho yake. Asipozileta, mkataba unafungwa kwa bei yoyote iliyopo.

Wateja huita huo unyang'anyi. Ukweli ni kwamba dalali aliyelala ni hatari zaidi.

Tarehe 20 Aprili 2020, Mombasa ikiwa ndani ya kafyu ya corona, mkataba wa mafuta wa mwezi Mei ulikuwa ukikaribia kwisha. Ijumaa iliyotangulia ulifunga kwa dola 18.27. Matangi ya Cushing, Oklahoma, ambako mafuta hayo hupokelewa, yalikuwa yakikaribia kujaa, na wenye mikataba wakawa tayari kumlipa mtu awaondolee mzigo. Ilipofika saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu, bei rasmi ilikuwa dola 37.63 chini ya sifuri. Aliyeshikilia mkataba mmoja tangu Ijumaa alipoteza dola 55,900. Mitambo ya dalali Interactive Brokers haikuwa imeandaliwa kwa bei za chini ya sifuri: baadhi ya wateja walishindwa kuuza, na dhamana iliyodaiwa haikulingana na hatari. Mwaka uliofuata wasimamizi wa Marekani waliiamuru ilipe fidia ya zaidi ya dola milioni 80.

Hata hivyo, kupandisha nako kuna madhara yake. Mwaka 2011 kampuni ya masoko ya CME ya Chicago ilipandisha dhamana ya fedha, madini, mara tano katika muda wa wiki mbili hivi. Wenye mitaji midogo wakauza kwa lazima, mauzo yao yakaisukuma bei chini zaidi, na wakia iliyokaribia dola 50 mwishoni mwa Aprili ikawa karibu dola 35 wiki ya kwanza ya Mei. Dhamana haikuwa sababu pekee, lakini iliharakisha anguko.

Kenya ina soko lake la mikataba ya aina hii, NEXT, lililozinduliwa na Soko la Hisa la Nairobi Julai 2019; humo mtu anaweza kununua mkataba wa hisa za Safaricom kwa dhamana. Vijana wengi, hata hivyo, wako kwa madalali wa mtandaoni, ambao mara nyingi ndio upande wa pili wa biashara ya mteja. Wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji wanaruhusiwa kumkopesha mteja hadi mara 400 ya amana yake. Kwa kiwango hicho dola 100 hubeba biashara ya dola 40,000, na bei ikisogea robo ya asilimia tu upande mbaya, zimekwenda na maji. Dalali akishusha mkopo hadi mara 100 usiku wa uchaguzi wa Marekani, biashara ileile inadai dhamana ya dola 400.

Haki ya kufanya hivyo imo kwenye masharti ambayo mteja huyakubali kwa kugusa kioo mara moja bila kuyasoma. La kutafuta humo ni muda wa taarifa: saa 24, siku mbili, au hakuna kabisa. Jambo la pili ni kama kiwango kipya kinahusu biashara mpya pekee, au hata zile zilizokwishafunguliwa.