Jarida Lililofungua Mlango wa Kompyuta ya Nyumbani
Katika zama ambazo kompyuta zilikuwa takriban milki ya serikali na mashirika makubwa, jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics, lililoasisiwa mwaka 1954 na kuwafundisha raia wa kawaida kuunda redio na vikuza sauti kwa mikono yao, lilitangaza katika toleo la Januari 1975 habari ya Altair 8800, kompyuta iliyopatikana kwa vipande kwa bei isiyofikia dola 400, mnunuzi akaviunga mwenyewe kwa kuvilehemu. Paul Allen na Bill Gates, walipoisoma habari hiyo, waliiandikia mashine ile programu ya lugha ya BASIC, na mwaka uo huo wakaasisi Microsoft. Basi, ewe msomaji, usiidharau elimu ipatikanayo kwa kutenda. Mhimize mwanao afungue, aunge na kujaribu.