Kufunga, Kuambatisha au Kufungasa?

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wafasiri wa vitabu vya maelekezo ya kompyuta ni hili: tutumie neno gani kueleza kwamba dirisha dogo la mazungumzo limeunganishwa na dirisha kubwa la programu ya ofisi? Swali laonekana dogo, lakini jibu likikosewa mtumiaji huweza kupoteza kazi yake.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Dirisha la mazungumzo ni lile linalojitokeza kumwuliza mtumiaji jambo, kwa mfano tarehe au jina la faili. Likitengenezwa kama nyongeza ya programu mwenyeji, mtengenezaji hana budi kutaja dirisha lililo mwenyeji wake. Akifanya hivyo katika mfumo wa Windows, dirisha dogo hukaa daima mbele ya dirisha mwenyeji, hufichika mwenyeji likishushwa, na huondoka mwenyeji likiondolewa. Asipofanya hivyo, dirisha dogo laweza kuteleza nyuma ya lile kubwa. Programu nayo, ikiwa inangoja jibu, haipokei amri nyingine. Karani aliyeko Kibiti, akiandaa orodha ya malipo, atadhani kompyuta imekwama. Ataizima, na kazi ya asubuhi nzima ambayo hakuihifadhi itapotea.

Sasa tuyapime maneno. "Kufunga" halifai, maana katika kompyuta kufunga dirisha ni kuliondoa; maelekezo yasemayo "funga dirisha dogo kwenye dirisha kubwa" yatampoteza msomaji. "Kuambatisha" limekwisha kuzoeleka maofisini kwa hati zinazopelekwa pamoja na barua. "Dirisha mama" na "dirisha mtoto" nayo yana kazi nyingine: dirisha mtoto hukaa ndani ya mipaka ya mama yake, ilhali dirisha la mazungumzo laweza kusogezwa popote kwenye kioo cha kompyuta.

Tunapendekeza neno la mabaharia: kufungasa, yaani kuvuta chombo kwa kamba iliyofungwa kwenye chombo kingine. Azijuaye njia za maji za delta ya Rufiji ataelewa mara moja. Mtumbwi uliofungaswa haumo ndani ya jahazi kama shehena. Una nafasi yake majini, lakini jahazi likienda nao huenda, likitia nanga nao husimama. Kamba ikisahauliwa, maji yakipwa huuchukua mtumbwi, ukapotelea mikokoni. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa mtumbwi hufuata nyuma na dirisha hukaa mbele. Hata hivyo, tunachokitaja hapa ni ile kamba.

Basi istilahi ziwe hizi:

Dirisha mwenyeji: dirisha la programu ambalo dirisha jingine hulitegemea.

Kufungasa dirisha: kulitajia dirisha mwenyeji wake.

Dirisha fungaswa: dirisha lililotajiwa mwenyeji.

Dirisha mtoto: dirisha lililomo ndani ya mipaka ya jingine.

Mfasiri aangalie jambo moja zaidi. Tangu Excel ya mwaka 2013, kila faili lililofunguliwa lina dirisha lake. Kwa hiyo haitoshi kuandika "fungasa kwenye programu". Maelekezo yataje dirisha la faili linaloshughulikiwa.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya watumiaji wenyewe, na watazame wanachokifanya baada ya kuyasoma.